Mahojiano ya Saa Nane na Nusu

Mvua ya Kakamega haina adabu, lakini inajua saa.
Nane na nusu imefika, nami nimevaa
shati la Shivachi, la kuazima, limepigwa pasi mbele tu;
chini kaptura na kandambili.
Kompyuta iko juu ya ndoo, ndoo juu ya stuli,
maana hapo pekee, kwenye dirisha hili la Lurambi,
mtandao hushika.

Visanduku vitatu vinanitazama kutoka Nairobi.
Bi. Mutheu anatabasamu kama aliyeagizwa kutabasamu.
Kijana wa pili ana vipokea sauti vikubwa, anatafuna.
Wa tatu amezima kamera. Jina lake ni Ajira 2.

"Tueleze kukuhusu."
Nimejieleza mara kumi na moja tangu Januari,
maneno yamelegea kama noti ya hamsini.
Nasema: digrii, takwimu, modeli ya kutabiri bei ya mahindi.
Sisemi kwamba ilitabiri sawasawa
na shangazi akauza kwa hasara vilevile.

"Mweleze nyanya yako maana ya thamani ya p."

Nyanya yangu?
Nyanya Kageha wa Hamisi
angeniacha nimalize, kwa heshima ya karo iliyolipwa,
kisha aulize: na hiyo, huchemshwa au huchomwa?
Nacheka peke yangu. Anayetafuna hacheki.
Nasema jambo kuhusu sarafu iliyorushwa mara mia.
"Sawa," anasema,
na sawa yake ina kona.

Mvua inapanda bati.
"Samahani, tunasikia kama watu wanapiga makofi."
Ni mabati, Bi. Mutheu. Ni mvua.
"Unaweza kuizima?"

Ndipo Ajira 2, asiye na uso, anaponena mara ya kwanza:
"Una jedwali. Safu moja ina nafasi tupu. Utazifanyaje?"

Jibu nalijua. Limo katika kila kitabu:
jaza kwa wastani, au kwa namba ya kati,
au futa mstari mzima uendelee na safari.
Lakini iliyonijia ni kadi ya mama ya majani chai,
imekunjwa mara nne ndani ya leso:
kilo kumi na nne, kumi na sita, kumi na mbili,
mwandiko wa karani, doa la kidole,
halafu Alhamisi, hakuna.
Ijumaa, hakuna.
Jumatatu, kilo sita.

Wastani ungemtuma mama shambani
akachume kilo kumi na mbili
siku tuliyomzika Asava.

Nikasema: kwanza ningeuliza kwa nini ni tupu.
"Ungemuuliza nani?"
Aliyekuwa akiijaza.
"Mistari iko milioni nne."

Bati likajibu kwa niaba yangu, muda mrefu.
Kisha nikarudi kitabuni.
Wastani, nikasema. Au namba ya kati, ikiwa data imeegemea upande.
"Vizuri sana," akasema Ajira 2,
na mimi nikaitazama miguu yangu.

Wakanipa kazi ya kufanyia nyumbani, siku tatu.
Niliifanya kwa bando la Shivachi,
na stima ilipokatika, kwa tochi ya simu niliyoibana kwa taya.
Nafasi tupu elfu tisa na kitu nilizijaza zote.
Grafu zikatoka zimenyooka, hazina hata kovu.
Nikatuma saa kumi alfajiri.
Ukaja ujumbe wa mashine: tumepokea.

Wiki ya tano sasa.
Kila asubuhi nafungua barua pepe
kabla sijafungua mlango.
Juzi mama alipiga simu kutoka kituo cha majani,
nyuma yake sauti za mizani na wanawake:
"Na wale watu wa Nairobi, walisemaje?"

Hawajasema kitu, mama. Kimya tu.

Akanyamaza kidogo, akawahurumia.
"Labda wamefiwa," akasema.