Mizani ya Vingunguti

Uwanja wetu wa vyuma chakavu ulipakana na reli,
na baba aliyajua mambo ya maada kabla ya mwalimu wangu:
kila kitu kina uzito, alisema, na kila kitu kinadai nafasi yake,
hata pipa unaloliita tupu.
Lizamishe kifudifudi uone litakavyogoma.

Nilikuwa kidato cha kwanza.
Jioni nilikaa juu ya injini ya lori lililofia Chalinze
nikikariri: elementi haivunjwi ikawa kitu sahili zaidi.
"Kama shaba," akadakia, huku akichoma nyaya.
Moshi mweusi wa plastiki, na ndani yake ulimi wa kijani.
"Ukiiyeyusha ni shaba. Ukiikata ni shaba.
Ukiiiba ni shaba, na miezi sita Segerea."

Mchanganyiko je?
Akachukua sumaku ya spika mbovu, akaipitisha juu ya uchafu.
Chembe za chuma zikasimama wima kama nywele za mtu aliyeshtuka,
mchanga ukabaki chini, haujali.
"Hawa walikuwa wapangaji," akasema,
"kila mmoja na ufunguo wake."

Kampaundi hakuwa na mfano wake.
Nikageuza ukurasa.

Jumamosi moja akaja Bi Sikudhani Likwata
akikokota baiskeli ya marehemu mumewe.
Masika matatu ilikuwa chini ya mchirizi wa bati.
Baba akaipandisha mizanini, akakwangua fremu kwa ukucha,
unga mwekundu ukamwagika.
"Kilo mbili natoa. Hizi ni kutu."

Nami, kwa kiburi cha mwenye somo jipya:
Baba, kutu si uchafu.
Ni chuma na oksijeni, maji ndiyo mshenga.
Wameshaungana, sumaku yako haiwaachanishi,
na chuma kikishika kutu uzito wake huongezeka.

Akacheka mpaka akakohoa.
"Kumbe! Basi kaniletea chuma na hewa.
Chuma nanunua. Hewa siinunui,
hata Mungu haiuzi."

Bi Sikudhani alikuwa ameshika usukani,
pale raba ilipolika kufuata kiganja kikubwa kuliko chake.
Hakuinua macho.
"Hewa hiyo," akasema, "si ndiyo aliyokuwa akiivuta?"

Treni ya mizigo ikapita, ndefu,
mawe ya mizani yakatetemeka.
Baba akangoja mkia wake uishe,
akasoma kilo upya, akalipa zote,
kisha akafungua usukani kwa spana namba kumi na tatu
akamrudishia bila neno.

Kwenye mtihani waliuliza:
taja tofauti mbili kati ya mchanganyiko na kampaundi.
Niliandika ile ya sumaku.
Ya pili niliijua,
lakini nilikaa nikiutazama ule mstari wa nukta
hadi msimamizi akapita kukusanya karatasi.