Juni, Isyonje

Baridi ya mwaka huu haina adabu.
Inaingia bila hodi, inajilaza kitandani kwako
kama shangazi aliyeaga kwao wiki moja akasahau kurudi.
Nilikukuta na masweta matatu, Tusekile,
na bado kucha zako zilikuwa na zambarau ya ua la kiazi.
Ukasema, "Hili blanketi la dukani linanielemea.
Zito kama lumbesa, joto halina."
Nikarudi nyumbani na hilo tu kichwani.

Mimi ni fundi wa sare za shule.
Najua kola, najua marinda, najua mfuko
unaokaa juu ya moyo wa mtoto, wa kutilia peni.
Blanketi sijawahi.
Nikamwaga gunia la vipande sakafuni,
paka akawa wa kwanza kuchagua.

Hiki cha bluu ni sketi za darasa la saba.
Hiki ni pindo la suruali ya marehemu Ambakisye:
uliniletea niipunguze,
ukaja kuifuata siku tatu baada ya mazishi,
ukaishika, ukairudisha mezani, ukaondoka.
Kuna vitu fundi hakumbushi.
Hiki ni cha kwaya, ile njano iliyochuja
ikapaka mashati ya waume zetu wote,
tukaimba Pasaka nzima tunanuniwa.
Na kanga nimeikata vibaya,
mkasi umekula maneno, limebaki
MAJIRANI M
na kila mtu atamalizia anavyojua.

Halafu hiki, chenye ndege wa kijani.
Tunakifahamu sisi wawili.
Mita sita, ulizichukua kwa mali kauli,
ukaapa kwa mavuno ya viazi.
Bei ikaanguka. Viazi vikaota macho ndani ya magunia
vikisubiri lori lisilokuja,
nami nikakusema kwenye kikoba, mbele ya watu.
Miezi mingapi tulipishana njiani
kila mmoja akikagua vidole vya miguu yake?
Nilibakiwa na nusu mita ya ndege hao.
Nikaiweka pembeni. Nikairudisha.
Nikaiweka pembeni tena.

Umeme ukakatika, nikashona kwa tochi ya simu,
mguu ukipanda na kushuka
kama wa mtu anayeupanda Rungwe asifike.
Katikati nikatandika masweta ya mtumba yaliyotoboka,
nyepesi, yasikuelemee.
Sindano ikanichoma; tone likaingia kwenye njano.
Halionekani. Lakini lipo.

Watoto wa jirani wakachungulia dirishani:
"Mama Lusajo, siku hizi unashona viraka?"
Na kweli, kiraka kwetu ni aibu ya goti,
kitu cha kufunikwa kwa kiganja wageni wakipita.
Lusajo, ambaye kila neno lake ni mpira, akawajibu:
"Kiraka ndiye yule kocha anamweka popote panapovuja."
Nikakata uzi, nikachukua kile cha ndege,
nikakiweka juu, usawa wa kifua.

Leo nimekuja na ukungu, tukaingia pamoja mlangoni.
Nimekutandikia. Hukusema ndaga.
Kidole chako kilitembea juu ya vipande
kama cha mtu anayejifunza kusoma:
kwenye suruali kikakaa, kikakaa, kikapita,
kwenye kanga ukaguna,
kwenye ndege kikasimama.

"Hiki sijakulipa."
"Najua."

Ukavuta blanketi hadi kidevuni, ukacheka
mpaka kicheko kikageuka kikohozi,
nikakushika mgongo, mifupa yote naihesabu,
mpaka kikapita.
"Na nikifa, utamdai nani?"
Sikuwa na jibu. Nje mtu alikuwa anapakia viazi,
tukasikia gunia likitua, na jingine.

Nikaona pembe moja sikuifunga vizuri,
uzi unaning'inia.
Nikainama niukate kwa meno.
"Uache," ukasema.
"Utarudi kuumalizia."