Kiamshi

Skrini nyeusi kama tako la sufuria,
na mstari mmoja mweupe ukisema
hauoni pa kuanzia.
Sista Zulekha akauliza: imekufa?
Nikamwambia haijafa. Haijaamshwa.

Zahanati ya Makorora, Jumapili,
kadi za kliniki zimefungwa kwa kamba ya mkonge,
na kompyuta hii tumepewa na watu waliokwisha kuichoka.
Nilifuta kila kitu. Diski nikaikata vipande vitatu
kama kiwanja cha urithi, ndugu wamesimama wanakodolea kamba.
Nikaweka mfumo mpya, ule wa bure, usiopenda mapambo,
unaoongea kwa herufi tu. Ukikosea herufi moja
haukusuti.
Unanyamaza.

Nilichosahau ni kiamshi.
Jina nimelitunga mimi, mtaani hatuna neno lake.
Kidude cha baiti mia tano na kumi na mbili,
kinalala kizingitini mwa diski.
Umeme ukiingia kinainuka cha kwanza,
kinamwamsha mwenzake aliyekizidi kidogo,
naye anakiamsha kiini, na kiini nyumba nzima.
Baada ya hapo hakitajwi.

Ndipo nikamkumbuka Ami Sufiani,
Ramadhani, Barabara ya Tisa hadi ya Kumi na Sita,
debe la mafuta begani, kijiti cha mpera,
akiita watu kwa majina:
Mama Nuru, jiko limewaka? Mwinjuma, wali haujipashi!
Hakuna aliyejua yeye anakula saa ngapi.
Mwaka aliofariki tuliamka jua liko dirishani,
tukafunga kwa futari ya jana.

Nikakiandika kiamshi mahali pake. Nikazima, nikawasha.
Mistari ikashuka mbio, kisha ikasimama kwenye tarehe:
mosi Januari, elfu moja mia tisa sabini, saa tisa usiku.
Betri ya saa imekwisha, nikasema.
Sista akacheka: hata mama yangu hajavunja ungo!
Mimi sikucheka.
Mifumo hii huanza kuhesabu dunia kutoka sifuri,
na sifuri yao ni saa sita ya usiku kule Grinichi.
Kwetu ni saa tisa.
Saa ya daku.

Ukabaki mtandao.
Waya wa buluu umepita dirishani, umekumbatia bomba la mvua,
taa ya kijani inakonyeza, na hakuna anayeitika.
Nikaiambia ijiite yenyewe kwanza. Ikajiitika.
Nikaiambia ikibishie hodi kisanduku cha ukutani. Karibu.
Ikabishe Bombo, hospitali kubwa: kimya.
Nusu saa nzima nakagua faili, mstari kwa mstari,
kumbe nimeipa nyumba namba, nikasahau kuipa lango.
Neno moja na tarakimu nne zenye nukta katikati.
Hodi nne zimekwenda, nne zimerudi, hakuna iliyopotea.
Saa nayo ikajirekebisha, ikaruka miaka yote ile bila kuhema.

Mwisho ikaniuliza jina lake.
Nikaandika sufiani, herufi ndogo tupu,
kama alivyokuwa akiandika mwenyewe.

Usiku ule umeme ulikatika Makorora yote,
ukarudi wakati wake, watu wamelala.
Asubuhi Sista akanipigia simu, sauti ya chini:
wewe, nani alikuja kuiwasha?