Kupanga Madaraja

Mwalimu Kapela, umesema tuandike
kurasa mbili, kwa mkono, bila mapambo:
tumesogea kiasi gani tangu Novemba.
Nimekaa chumbani Isevya, Nyamizi amelala,
umeme umekatika, simu imebaki asilimia tisa,
nammulikia mtu niliyekuwa.

Alianza hivi, insha ya kwanza:
"Tangu kuumbwa kwa ulimwengu, binadamu..."
Nawe pembeni, kwa wino mwekundu:
Ulikuwepo?
Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka,
kisha nikaenda chooni nikalia kidogo.
Arobaini na moja.

Ya pili nikasema kilimo
ni uti wa mgongo wa taifa.
Ukaandika: Mgongo wa nani? Nionyeshe.
Nilinuna wiki nzima.
Mgongo niliujua. Ulikuwa Urambo,
umeinama mbele ya bani saa nane usiku
ukichochea, maana moto wa tumbaku
ukisinzia wewe, nao unasinzia,
na jani linageuka rangi isiyo na bei.
Sikujua kama mgongo ule unaruhusiwa
kuingia kwenye insha ya chuo
bila viatu.

Nikauingiza. Nikaeleza tunavyokaa chini,
majani magotini, tukiyapanga:
la chini huku, la kati huku, la juu kule,
lenye doa peke yake, baba akilinusa
kama mtu anayetafuta kosa lake mwenyewe.
Nikaeleza siku ya soko, mteuzi anavyopita
kati ya marobota bila kumtazama mtu,
anachomoa jani moja, anaandika herufi,
na mwaka mzima wa watu sita
unakuwa herufi hiyo.
(Hapo nilikufikiria wewe, mwalimu.
Nisamehe. Au usinisamehe.)
Hamsini na nane.

Nikampigia baba, nikamsomea yote.
Hakuuliza nimepata ngapi.
Alikaa kimya hadi nikadhani salio limekwisha.
Akasema: "Usiku ule haikunyesha.
Na kuni zilikuwa za mtundu, si mninga.
Mninga nani anachoma?"
Mvua niliiweka kwa sababu ilipendeza.
Nikaitoa. Aya ikabaki kavu,
ikawaka vizuri zaidi.

Ya nne nikashuka tena. Hamsini na mbili.
Sina utetezi. Nilizipenda mno sentensi zangu,
zilikuwa ndefu kama treni ya Mpanda,
na kama yenyewe, zilisimama porini
bila mtu kuambiwa kwa nini.

Basi, kusogea? Sijui.
Najua tu kwamba nikifika kwenye "uchungu usioelezeka"
mkono unasita, naona aibu,
najaribu kuueleza.
Najua mkato ni pumzi, na kuna watu
wanaokimbia ukurasa mzima bila kuvuta hata moja,
nami nilikuwa wao.
Nyamizi anasema siku hizi hata meseji zangu
za kuomba hela nyumbani zimekuwa fupi,
na zinajibiwa.

Ulitaka kurasa mbili, mwalimu.
Hii ni moja na nusu.
Nusu iliyobaki nilikuwa nayo jana jioni.
Nimeifuta.