Kwa Kipimo cha Karai

Yaledi, mwanangu, amekuja likizo kutoka Dar.
Amepanda juu ya slabu ya jirani hapa Chang'ombe,
amefumba jicho moja, amenyoosha kidole gumba,
anayapanga maghorofa ya mjini
kama mwalimu anavyopanga watoto mstarini:
lile la bima, kumi na moja;
lile la pensheni, kumi na tatu
ukihesabu na mnara wa simu.

Mnara hauhesabiwi, namwambia.
Kilemba si urefu wa mtu.

Anacheka. Kule anakoishi, anasema,
lipo la thelathini na ngapi sijui,
lifti inakuziba masikio kabla hujafika ofisini.
Haya yenu, mama, ni vigoda.

Sibishani.
Mimi nayajua kwa kipimo kingine.
Lile la kijivu, karibu na mzunguko wa barabara,
ni karai mia na ishirini kwa siku,
elfu saba mkononi, maji ya kunywa jitegemee.
Ghorofa ya nne kiuno kinaanza kusema.
Ya saba kinanyamaza, na hapo ndipo uogope.

Lile la vioo vya buluu sikulimaliza.
Niliishia ya tisa,
asubuhi ile Ndulesi alipokanyaga ubao uliooza.
Msimamizi alituambia twende tukanywe chai.
Kesho yake tulikuta ubao mpya.
Kwenye ramani lina ghorofa kumi na mbili;
kwangu lina tisa,
na moja ya chini
isiyo na ngazi.

Nilizaliwa Mvumi, ndani ya tembe,
paa la udongo, mlango wa kuinamia.
Baba alikuwa na kovu kwenye paji la uso,
zawadi ya boriti.
Alisema nyumba inataka uisalimie kwanza.
Masika majani yaliota juu ya paa
na mbuzi wakapanda kuyala,
vumbi likitudondokea kwenye ugali wa uwele.
Hilo ndilo ghorofa letu la kwanza:
mbuzi juu, sisi chini.

Na mji wenyewe, wanavyosimulia,
ulipewa jina kwa sababu ya kuzama:
tembo alikuja kunywa maji, tope likammeza.
Leo wajukuu wa tope
tunagombea nani ametokeza zaidi.

Saa kumi jioni
kivuli cha lile la buluu kinavuka barabara,
kinapanda ukingo wa mtaro,
kinafika kwa akina mama wauza zabibu.
Wanasogeza ndoo zao waingie ndani yake,
wanafungua khanga kidogo shingoni.
Ukitaka kujua urefu wake, nenda kahesabu hatua
kutoka ukutani mpaka kwenye ndoo ya mwisho.
Mimi nimezihesabu. Siku nyingine hazilingani.

"Mama, njoo uone," Yaledi ananiita,
"nimelificha lote!"
Napanda ngazi ya mbao, polepole, magoti haya.
Nasimama nyuma ya bega lake, nafumba jicho kama yeye.
Kweli, halipo.
Ghorofa zote kumi na mbili, vioo, Ndulesi,
vyote viko nyuma ya kidole gumba kimoja,
kidole ambacho, kilipokuwa kidogo kama punje ya mhindi,
nilikikata kucha kwa meno yangu.