Niliununua Mlango

Asubuhi za Januari hapa Kutaisi
huchungulia gari kwanza, kupitia dirisha la jikoni,
kabla ya chai, kabla ya soksi:
limesimama, au limelala?
Limelala.
Tumbo limegusa theluji, matairi yamezama mbavuni.
Mjerumani mweusi, gari la mawaziri na maharusi,
kifudifudi uani kama mlevi wa Mwaka Mpya.

Nanuli, mke wangu, hasemi kitu.
Anakoroga chai. Kijiko ndicho kinachosema.

Springi zake ni hewa, hewa tupu
iliyofungwa ndani ya mpira, na mpira huzeeka.
Ya kushoto ilipasuka Septemba: lari mia sita na hamsini,
ya mtumba, kutoka kwa gari lililofia Rustavi.
Ya kulia ikaona wivu. Wiki tatu tu,
mia sita na hamsini nyingine.
Na kompresa, iliyokesha ikizipulizia vilema hao wawili,
ikaungua. Mia nne na themanini.

"Njoo uone, Otari," Gocha fundi akaniita,
akakata waya mmoja mwembamba kama uzi wa kushonea.
Ukatoa oili.
Oili ya giaboksi ilikuwa imepanda ndani ya waya,
ndani, mwaka baada ya mwaka,
kama mafuta yapandavyo utambi,
hata ikaufikia ubongo wa gari na kuulevya.
Ndiyo maana gia ya tatu ilikuwa inakataa mlima.
Elfu moja na mia tisa.
Nusu alituma dada yangu kutoka Bari,
anakoosha vizee vya watu na kuwakata kucha.
Sijamwambia zilikwenda wapi.

Fundi wa bati alibonyeza tao la gurudumu
kwa kidole gumba. Kidole kikapita.
Elfu moja, mia moja na hamsini.

Dirisha la nyuma lilikuwa likishuka lenyewe mvua ikinyesha
(likiangaza, halishuki): mia moja na ishirini.

Nimeandika yote katika daftari la hesabu la binti yangu.
Jumla, elfu nne mia tisa na hamsini.
Zimebaki mia tano na hamsini
niwe nimelinunua mara mbili.

Utaniuliza, kwa nini?
Miaka thelathini niliendesha lori la saruji.
Mlango wake ulifungwa kwa teke, na teke la pili.
Siku ile sokoni, mvua ikinyesha, niliuachia mlango huu
nusu wazi, kwa uzembe wa mazoea,
nao ukajivuta wenyewe, ukajifunga taratibu
kama mtu anayetoka chumba cha mtoto aliyelala.
Nyumba njema si mlango, walisema.
Mimi niliununua mlango.

Jumamosi alikuja Beka, kinyozi, miaka ishirini na mitatu,
koti jepesi, pesa kazifunga kwa mpira wa nywele.
Nilikuwa nimeamka saa kumi alfajiri, nikawasha injini,
nikangoja gari lijiinue, kidole kwa kidole, hadi likawa waziri tena.
Niliapa kunyamaza.
Kisha nikaona mikono yake, imepasuka kwa dawa za nywele,
nikatoa daftari, nikamsomea. Yote. Hata dirisha.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemsikiliza kasisi
huku akiwaza chakula.
Akafungua mlango. Akauachia.
Kimya.
"Tena," akasema, akaufungua tena.

Nilimpunguzia elfu moja. Nanuli akakohoa dirishani.
Daftari nalo nikampa; kurasa ishirini hivi bado nyeupe.

Jumapili nimeamka, nimechungulia.
Uani kuna shimo refu katika theluji, lenye umbo la tumbo.
Huko Zestafoni limesimama au limelala, sijui.
Leo nimevaa soksi kwanza.