Kisanduku cha Sababu

Fomu inataka sababu ya kuhama
kwa herufi zisizozidi mia mbili na hamsini,
nafasi zikiwemo.
Hilo la nafasi nimelipenda.
Hata kwenye muziki, kimya kina hesabu yake.

Mwisho ni Ijumaa, saa sita usiku.
Leo Jumatano. Duluth imeganda hadi kope,
ziwa limelala chali, jeupe,
na meli za madini hazitang'oka gatini mpaka Machi.

Nimeandika: Nimegundua kwamba. Nimefuta.
Nimeandika: Tangu utotoni. Nimefuta, ni uongo.
Tangu utotoni nilitaka makofi.

Nina krediti sitini na moja za piano ya jukwaani.
Kule Iowa watapokea thelathini na nane.
Ishirini na tatu zitabaki huku, yatima:
historia ya opera,
kwaya ya saa moja asubuhi,
muhula mzima wa fuga nilioulilia chooni.
Kule, katika mji wenye ghala la mahindi refu kuliko kanisa,
wanafundisha kuchokonoa matumbo ya piano,
kuchuna sufu ya nyundo kwa sindano,
kusikiliza waya.

Profesa Lindqvist alipandisha miwani:
"Marit, fundi ni mtu anayeitwa kabla ya tamasha
na kusahauliwa kabla ya noti ya kwanza."
Alidhani ananikanya.

Baba anaendesha gari la kusukuma theluji, mali ya kaunti.
Aliuza pikipiki yake ya barafuni nipate mwalimu,
wala hajawahi kulitaja.
Jumapili nilimpigia, nikamwaga yote.
Akanyamaza, kile kimya cha ukoo wetu
usichojua ni hasira au mtu anatafuta kijiko.
Halafu: "Hizo piano, huharibika kila mahali?"
"Kila mahali, baba."
"Hm," akasema. "Kama barabara."
Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa ruhusa.

Na huenda nakimbia.
Novemba, mbele ya majaji watatu,
vidole vilinisahau ukurasa wa pili,
nikakaa pale nasikia taa zikivuma.
Wanaonipenda wanasema ni woga tu, utapita.
Lakini mtu akikimbia, kisha akafika,
bado tumwite mkimbizi?

Basi usiku wa jana nikaingia chumba namba tisa
na ufunguo niliounulia dola thelathini na nne.
Piano ya humo ina La moja
ambayo Pahoua huiita mbuzi.
Nyuzi tatu, sauti moja, ndivyo ilivyopaswa kuwa,
ila mmoja ulikuwa umejitenga kidogo,
upana wa unywele,
na kati yake na wenzake kulikuwa na wimbi,
wau, wau, wau,
kama ndugu wasiosemeshana mezani.
Nikazuia miwili kwa kipande cha mpira.
Nikavuta. Nikapitiliza. Nikarudi.
Wimbi likarefuka, likachoka,
wau,
             wau,
                             na pale lilipokwisha
sikusikia ushindi wowote. Nilisikia chumba.

Leo asubuhi Pahoua alikuja kujinoa kwa mtihani.
Nilisimama nje ya mlango, kahawa imepoa mkononi.
Akafika pale anapolaani kila siku
na hakulaani.
Alipita tu, kama gari lipitavyo
penye shimo lililokwisha zibwa,
akaendelea na safari yake,
na mimi nywele zikanisimama mpaka kisogoni
kuliko siku ile ukumbi mzima uliponiinukia.

Sasa kisanduku kimejaa kidogo:
Kwa sababu hakuna aliyesikia.
Zimebaki herufi mia mbili ishirini na moja.
Kidole kiko juu ya kitufe, hakijashuka.
Nje gari la theluji linapita, si la baba,
na barabara nyuma yake inaonekana.